Taa ya usiku na unene wa panya: pimeni chakula mara mbili kwa siku

Swali: "Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja hapa Ujiji. Baba yangu amevua dagaa usiku kwa zaidi ya miaka ishirini, na tangu waache karabai wakahamia taa za LED anasema kitambi kimemzidi. Wanafunzi wangu wa klabu ya sayansi wamelidaka hilo: wanataka kuwaweka panya kwenye mwanga wa taa usiku waone kama watanenepa. Tumepanga vizimba viwili, kimoja chenye balbu na kimoja bila, panya watano kila kimoja, wa kukamata majumbani. Tutawapima uzito mwanzoni na baada ya wiki mbili. Je, jaribio hili litatupa jibu?"

Marahaba, Mwalimu. Swali lenu nimelipenda mno, maana na mimi nimekulia mwisho wa reli, Kigoma, na utoto wangu umejaa zile taa za wavuvi zilizotapakaa ziwani kama mji mwingine. Lakini nianze na ulichouliza: kwa mpango mlio nao sasa, hapana, hamtapata jibu. Mtapata namba, na namba hizo zinaweza kuonyesha kwamba panya wa kwenye taa wamenenepa kweli, na bado msijue ni kitu gani kimewanenepesha. Nitakueleza kwa nini, kisha tuone mnavyoweza kulitengeneza.

Jambo lenyewe limeshapimwa. Mwaka 2010 Laura Fonken, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ohio State kule Marekani, pamoja na Randy Nelson na wenzao, walichapisha jaribio ambalo wengi wetu tukizungumzia habari hii tunaanzia hapo. Walichukua panya wadogo weupe, madume, wakawagawa makundi matatu. Mchana wa wote ulikuwa wa saa 16, mwanga wa luksi 150 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali). Tofauti ilikuwa kwenye zile saa 8 za usiku: kundi la kwanza liliwekwa kwenye giza totoro, la pili kwenye mwanga hafifu wa luksi 5, la tatu liliachiwa mwanga uleule wa mchana bila kuzimwa. Baada ya wiki nane, panya wa giza walikuwa wameongezeka kama gramu 8, na wale wa luksi 5 kama gramu 12. Miili ya panya wa kwenye mwanga pia ilishindwa kuishughulikia sukari vizuri walipopewa glukosi.

Sasa hapa ndipo nataka wanafunzi wako wasimame. Kwa siku nzima, makundi yale yalikula kiasi kinacholingana na kutembeatembea kiasi kinacholingana. Hakuna mlafi wala mvivu kati yao. Gramu zile za ziada zimetoka wapi?

Zilionekana pale walipoacha kujumlisha chakula cha siku nzima wakakipima kwa vipindi. Panya ni mnyama wa usiku. Gizani ndipo anapotoka, anatafuta, anakula. Panya wa kundi la giza walikula asilimia 36.5 tu ya chakula chao wakati wa mwanga. Wale waliowashiwa luksi 5 walikula asilimia 55.5 wakati huo, yaani zaidi ya nusu ya mlo wao uliingia saa ambazo mwili wa panya unatakiwa umelala. Kisha wakafanya jaribio la pili, ambalo kwangu ndilo lenye akili kuliko lile la kwanza: waliacha taa hafifu iwake usiku vilevile, ila chakula kikawa kinapatikana usiku peke yake. Ongezeko la uzito likatoweka. Taa ilikuwa ileile.

Kwa hiyo mkipima uzito bila kupima saa za kula, mnakuwa mmefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Yote nitakayokushauri hapa chini yanatokana na hilo.

Luksi 5 ni mwanga kiasi gani? Mshumaa mmoja ukiuweka mita moja kutoka kwenye karatasi, karatasi inapata takriban luksi 1. Ukiusogeza hadi sentimita 45 hivi, ndiyo luksi 5. Ni mwanga wa kumulikia mlango wa choo, haufai hata kusomea. Lakini mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki hata nusu luksi. Mara nyingi ni kati ya luksi 0.1 na 0.3. Kwa macho ya kiumbe aliyezaliwa kwa ajili ya giza, mshumaa ule ni kama jua lisilotaka kuzama.

Jicho, la kwetu na la panya, halina kazi ya kuona tu. Nyuma yake kuna chembe hai (seli) chache zenye kemikali iitwayo melanopsini, na kazi yao kubwa ni kuuambia ubongo kama sasa ni usiku au mchana. Chembe hizo huitika zaidi kwa mwanga wa bluu, kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 480 hivi. Taarifa inakwenda kwenye kifundo kidogo ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho zinapokutana. Kwa panya kina chembe kama 20,000. Hiyo ndiyo saa kuu ya mwili. Waliofumbua namna saa za aina hii zinavyozunguka ndani ya chembe, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017, na kazi yao waliifanya kwa inzi wadogo wa matunda.

Ini nalo lina saa yake. Ila saa ya ini husikiliza zaidi chakula kuliko mwanga. Ukila saa zisizo zako, ini linafuata sahani wakati ubongo unafuata taa, na viungo vya mwili mmoja vinaanza kuishi kwenye saa tofauti. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Deanna Arble na Fred Turek wakiwemo, waliwapa panya chakula chenye mafuta mengi: kundi moja wakati wa usiku wao tu, lingine wakati wa mchana tu. Baada ya wiki sita waliokula usiku uzito ulipanda asilimia 20, waliokula mchana asilimia 48. Hapo hapakuwa na taa yoyote ya usiku. Ni saa ya kula tu iliyobadilishwa.

Turudi kwenye vizimba vyenu.

Balbu. Umeandika "balbu" bila kusema ya aina gani, nami nina wasiwasi ni ile ya zamani ya waya, inayounguza vidole. Sehemu kubwa ya umeme inaokula inatoka kama joto. Sasa panya ni mwili mdogo wa gramu 20 hadi 40, na kujikanza kunamla chakula kingi; joto analoridhika nalo bila kuhangaika ni la nyuzi 30 hivi. Usiku wa Kigoma, hasa ule upepo wa ziwani wa mwezi wa saba, uko chini ya hapo kwa mbali. Ukimwekea balbu ya moto umempunguzia kazi ya kujikanza, na nishati aliyookoa inaweza kuwa mafuta mwilini. Atanenepa, ninyi mtaandika "mwanga", kumbe ni jiko. Tumieni LED ndogo ya wati chache, iliyofunikwa karatasi nyeupe hadi mwanga upungue. Na kwenye vizimba vya giza wekeni taa hiyohiyo, iwake hivyohivyo, ila imefungwa kabisa kwa utepe mweusi. Joto litalingana, mlio mdogo wa umeme utalingana, kitakachotofautiana ni mwanga peke yake.

Panya wa majumbani, tafadhali msiwaguse. Hili nakusihi kama mzazi. Mkojo wa panya wa porini na wa majumbani hubeba bakteria wa leptospirosisi, ugonjwa ambao Watanzania wengi waliufahamu kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka Mkoa wa Lindi mwaka 2022. Mtoto mwenye mchubuko kidoleni akiosha kizimba, imetosha. Hata ukiweka afya kando, panya hao hamjui umri wao, hamjui kama mmoja ana mimba (mimba ya panya ni siku 19 hadi 21, kwa hiyo ndani ya wiki zenu mbili uzito utapanda na kushuka wenyewe), na wengine si jamii moja. Kiswahili chetu kinamwita panya kila mwenye mkia na meno, lakini panya wa nyumbani, panya wa shambani na panya buku ni wanyama tofauti kabisa. Mnahitaji panya wadogo weupe waliozalishwa kwa utafiti, wa jinsia moja na umri mmoja, kutoka kwenye chuo chenye banda la wanyama wa maabara. Uliza pia ukoo wao, kwa sababu baadhi ya koo za panya weupe huzaliwa na kasoro inayoua chembe za kuonea za jicho wakiwa bado wachanga.

Kuhusu idadi. Mna vizimba viwili, panya watano kila kimoja, na unahesabu panya kumi. Mimi nahesabu viwili. Panya wanaolala kizimba kimoja wanakula kwenye chombo kimoja, wanapata joto la kulaliana, na dume mmoja mbabe anaweza kuwanyima wengine. Kikitokea kitu kwenye kizimba kile, kimewapata wote. Kipimo chenu ni kizimba, siyo panya. Na ukivipanga vizimba vyote vya taa kwenye chumba kimoja na vyote vya giza kwenye chumba kingine, tatizo linakuwa kubwa zaidi, kwa sababu sasa mnalinganisha vyumba.

Ningekuwa mimi, ningekwenda kwa fundi seremala pale Ujiji, nikamwagiza makasha ya mbao, kila kasha la kutosha kizimba kimoja, ndani yapakwe rangi nyeusi, nyuma yawe na matundu ya hewa yaliyokingwa kwa kipande cha mbao ili hewa ipite na mwanga usipite. Kila kasha na taa zake mbili: ya mchana na ile hafifu ya usiku. Hapo makasha ya taa na ya giza yanakaa chumba kimoja, yamechanganyika, na nani aingie kasha gani mnaamua kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia. Mchana wenu uwe wa saa 12, taa kubwa iwake saa moja asubuhi na kuzimika saa moja jioni. Ohio walitumia saa 16, ila sisi huku karibu na Ikweta jua letu halibadiliki sana mwaka mzima, na Kigoma huchomoza kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja na robo. Itawarahisishia hata wanafunzi.

Makasha mangapi? Kuna hesabu ya haraka tunayotumia. Chukua mtawanyiko wa kawaida wa kile unachopima, yaani kiasi ambacho panya mmoja mmoja kwa kawaida hupishana na wastani, ugawanye kwa tofauti unayotarajia kuiona, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 16. Tuseme mtawanyiko ni gramu 3 na tofauti ni gramu 4 kama ile ya Ohio. Tatu kwa nne ni 0.75; ikijizidisha ni 0.56, mara 16 ni 9. Panya tisa kila kundi, kila mmoja kwenye kizimba chake. Kundi la taa na kundi la giza, tayari 18. Mkitaka kurudia lile jaribio la pili, la chakula cha usiku tu, msiweke kundi moja la ziada mkaridhika. Panya anayekaa saa 12 bila chakula anaweza kupungua kwa sababu hiyo peke yake. Mtahitaji makundi mawili ya ziada, la taa na la giza, yote yakila usiku tu. Jumla 36.

Najua 36 ni wengi kwa klabu ya shule. Ushauri wangu ni kwamba fanyeni makundi mawili tu, lakini saa za kula zipimwe barabara. Jaribio dogo lililopimwa vizuri nalithamini kuliko kubwa lililopimwa kwa kukisia. Lakini msipunguze chini ya tisa kwa kuwahurumia panya. William Russell na Rex Burch, waliotufundisha mwaka 1959 kupunguza idadi na mateso ya wanyama wa utafiti, hawakusema tutumie wachache hadi jibu lisipatikane. Panya aliyetumika kwenye jaribio lisiloweza kujibu kitu ametumika bure. Na kwa kuwa kila mmoja atakaa peke yake, mpeni karatasi laini ya kutosha ajitengenezee kiota. Ataipasua usiku kucha, asubuhi utamkuta amejizungushia kama yai kwenye pamba.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo majaribio mengi yanapofia.

Panya mmoja hula gramu 3 hadi 5 kwa siku. Mizani ya jikoni inayohesabu gramu mojamoja haifai hata kidogo. Ikikosea gramu moja imekosea robo ya mlo. Tafuteni ile mizani ndogo ya mfukoni ya wanunuzi wa dhahabu, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Bei yake si kubwa. Halafu fuateni mfano huu, namba ni za mfano tu. Saa moja jioni unamwekea panya namba 7 peleti, yaani vipande vikavu vya chakula, za gramu 30.0. Saa moja asubuhi unakuta zimebaki 26.4. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika "amekula 3.6" na kuondoka. Asiondoke. Panya ni mpotevu wa chakula. Anaguguna peleti, anaila katikati, makombo yanadondoka kwenye maranda. Mwaga maranda kwenye chekecheo, tikisa taratibu juu ya karatasi, chagua makombo na uyapime: gramu 0.5. Amekula 3.1. Saa moja jioni zimebaki 25.2, makombo 0.2. Mchana amekula 1.0. Kwa siku ni 4.1, na sehemu ya mchana ni kama asilimia 24. Namba hiyo ya mwisho, sehemu ya mchana, ndiyo mnayoitafuta kwa kila panya, kwa wiki zote.

Kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau, na huku kwetu ziwani lina uzito. Peleti hunyonya unyevu wa hewa. Masika, chakula kinaweza kuongezeka uzito kikiwa kimekaa tu. Wekeni kasha moja lisilo na panya, lenye maranda na peleti gramu 30 kama mengine, na lipimwe asubuhi na jioni. Likiongezeka, mtajua cha kurekebisha kwenye hesabu za wengine. Na msichekeche kila siku, mtawasumbua wanyama mpaka usumbufu wenyewe uwe sababu. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Uzito wa mwili mara moja kwa wiki, saa ileile: panya ndani ya kikombe cha plastiki kirefu, mizani imeshasawazishwa na kikombe juu yake, unasubiri anyamaze, unasoma. Anayesoma asijue panya huyu ametoka kasha gani. Wanafunzi wakishapenda jibu fulani, mkono unaweza kuzungusha namba juu bila mtu kukusudia.

Wiki mbili ni chache. Wekeni nane.

Halafu umeme. Unajua mwenyewe hali, na usiku mmoja wa kukatika unawapa kundi la taa usiku wa giza. Msitegemee waya wa ukutani. Taa hafifu ya LED inakula umeme kidogo sana, betri moja ya volti 12 na paneli ndogo ya sola itawasha makasha yote, na wavuvi wa Kibirizi wanaweza kuwafundisha kuunga nyaya hizo kuliko mimi. Kila usiku taa ikizimika isivyopangwa, iandikwe kwenye daftari na saa yake.

Giza nalo lipimwe. Niliwahi kupoteza jaribio la wiki sita, mahali ambapo sitapataja, kwa sababu panya wangu wa giza hawakutofautiana na wale wa taa. Nilihangaika na damu, na chakula, na hesabu. Usiku mmoja nikiwa chumbani mle umeme ukakatika, na lile giza nililodhani limekamilika likazidi kuwa giza. Ndipo nikaona: kistabilaiza cha friji, juu ya kabati, kilikuwa na kitaa cha kijani kidogo kuliko punje ya mtama. Kwa wiki sita panya wangu wote walikuwa wakilala na taa. Niliketi pale sakafuni, machozi yananilenga, nikihesabu wanyama niliowapoteza kwa uzembe wa kutoangalia juu ya kabati. Kwa hiyo kabla hamjaleta panya hata mmoja, funika dirisha la chumba usiku, muingie wanafunzi wawili na wewe, mkae dakika 30 bila simu hadi macho yazoee, kisha mfungue kila kasha la giza na kuchungulia. Simu zenye programu ya kupima luksi zitawasaidia kwenye mwanga wa mchana, lakini kwenye luksi chache hazitegemeki. Macho yaliyozoea giza yanashinda.

Huenda mkafanya haya yote na saa za kula zisihame, uzito ukapanda hata hivyo. Msishangae wala msitupe matokeo. Mwaka 2015 Sander Kooijman na Patrick Rensen wa Leiden, Uholanzi, waliwaweka panya kwenye mwanga wa saa 12, 16 au 24 kwa siku, wiki tano. Mafuta ya mwili yaliongezeka kwa waliopata mwanga mrefu, chakula na mwendo havikubadilika. Walichokiona ni kwamba mafuta ya rangi ya kahawia, yale yanayounguza nishati kutoa joto, yalipunguza kazi. Kwa hiyo kuna zaidi ya njia moja, na ndiyo maana nimekung'ang'ania uandike kila kitu. Mkiwa na muda, baada ya zile wiki nane wazimieni taa wale wa mwangani kwa wiki nne nyingine. Fonken na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba usiku wa giza ukirudi, madhara hupungua na kurekebika. Watoto watafurahi kuliona hilo kwa macho yao.

Kibali kinahitajika. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na vibali vya utafiti nchini hutolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Anza na daktari wa mifugo wa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Andika mpango wako kwa kurasa mbili, sema nani atawahudumia panya siku za likizo na nini kitawapata mwisho wa jaribio. Swali la likizo ndilo shule nyingi hushindwa kulijibu.

Na baba. Nimeliacha mwisho kwa makusudi, maana panya hawezi kumjibia. Panya ni wa usiku, sisi binadamu ni wa mchana. Taa ya usiku inamfanya panya ale wakati wa kulala, nasi ikitukesha tunakula wakati wa kulala, lakini miili haifanani. Kwa binadamu kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019, wanawake 43,722: waliolala na taa au runinga ikiwaka chumbani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuongezeka kilo 5 na kuendelea katika miaka iliyofuata. Huo ni uhusiano, na mtu anayelala na runinga ana mambo mengine mengi maishani. Mwaka 2022 watafiti wa Northwestern waliwalaza vijana 20, wengine chumba chenye luksi 100, wengine chini ya luksi 3. Usiku mmoja tu wa mwanga uliongeza mapigo ya moyo, na asubuhi insulini yao ilifanya kazi kwa shida zaidi. Kuhusu LED na karabai, ni kweli kwamba LED nyeupe nyingi zina bluu nyingi, nayo bluu ndiyo ile chembe za jicho zinaisikiliza. Lakini baba amebadili taa na amezeeka miaka hiyohiyo. Kitambi chake akapimwe sukari na presha, hilo halihitaji kungoja panya.

Ila katika kusoma barua yako nimepata wazo ambalo huenda likafaa klabu yako kuliko vizimba, au pamoja navyo. Wavuvi wa dagaa tayari wako kwenye jaribio. Siku za giza wanakesha ziwani na taa; mbalamwezi ikiwaka, taa zao zikashindwa kushindana na mwezi, wanapumzika na kulala usiku nyumbani. Kila mwezi mtu huyohuyo anakuwa kundi la taa na kundi la giza. Uzito hautabadilika kwa siku chache kiasi cha kuonekana, lakini saa za kula zinaweza kuonekana vizuri kabisa. Wanafunzi wakipata ridhaa ya wavuvi kumi na kuandika tu, kila siku kwa miezi mitatu, mlo mkubwa umeliwa saa ngapi na usingizi umeanza saa ngapi, mtakuwa na daftari ambalo mimi mwenyewe ningelipa nauli ya treni kuja kulisoma. Mpe baba shikamoo zangu, na muulize yeye kwanza: akiwa ziwani anakula ugali wake saa ngapi, na siku za mbalamwezi saa ngapi? Akikujibu, niandikie.